Skrini kubwa si sifa ya gari

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya magari mapya imeimwagia sifa ile skrini iliyotanda dashibodi nzima, kana kwamba upana wake ndio ubora wa gari. Naomba nafasi nipinge.

Siogopi teknolojia. Breki za ABS zilipoingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, dereva aliyekanyaga breki ghafla penye utelezi aliweza kuendelea kukata kona, kwa kuwa magurudumu hayakujifunga tena. Mwaka 1995 ukaja mfumo unaobana gurudumu mojamoja pale gari linapoanza kuserereka. Sasa kuna breki zinazojikamata zenyewe kamera au rada inapoona gari la mbele limesimama. Umoja wa Ulaya umezifanya lazima kwa kila gari dogo jipya tangu Julai 2024. Vifaa hivi vina adabu. Vinakaa kimya mpaka siku ya shida, na havimdai dereva jicho wala kidole.

Skrini haina adabu hiyo. Swichi ya kuzungusha unaipapasa ukaipata huku macho yako yako barabarani. Kioo kitupu hakipapasiki. Kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari linakula mita 25 kila sekunde, kwa hiyo sekunde mbili za kutafuta alama ya feni ni mita 50 ulizoendesha bila kuona. Mwaka 2022 jarida la Sweden, Vi Bilägare, lilipima jambo hili kwenye uwanja wa ndege, kwa mwendo wa kilomita 110. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kawaida, ilimruhusu dereva kumaliza kazi nne ndogondogo kwa sekunde 10. Gari jipya lililoshika mkia lilihitaji zaidi ya sekunde 44, yaani zaidi ya mita 1,300 za barabara.

Likitokea la kutokea, lawama ni ya dereva. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Karlsruhe, Ujerumani, ilithibitisha faini ya euro 200 na zuio la kuendesha kwa mwezi mmoja dhidi ya dereva wa Tesla aliyeacha njia akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini, mvua ikinyesha. Aliyebuni waipa zitafutwe kwenye menyu hakuitwa kizimbani.

Kinachonichekesha, kama si kuudhi, ni hiki: aina mpya za magari huko Ulaya zinalazimika, tangu Julai hiyohiyo ya 2024, kuwa na kifaa cha kumwonya dereva anayetazama pembeni muda mrefu. Gari hilohilo limeficha kiyoyozi ndani ya menyu, halafu linakupigia kelele kwa kukitafuta.

Nakubali skrini iliingia kwa sababu njema. Marekani iliamuru kamera ya nyuma kwa magari madogo yote mapya kuanzia Mei 2018, na picha lazima ionekane mahali. Lakini watengenezaji walipoona kioo kimoja ni nafuu kuliko vitufe kadhaa na nyaya zake, wakahamishia humo kila kitu na kutuuzia ubahili huo kwa jina la usasa.

Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari, wameamka. Kuanzia 2026 gari linalotaka nyota tano litapoteza alama lisipokuwa na swichi halisi za indiketa, hazadi, honi, waipa na simu ya dharura. Kiyoyozi hakimo, na hapo naona wamelegea.

Basi mtakapolijaribu gari lingine, mtuachie habari za inchi. Tuandikieni ni mara ngapi dereva anagusa kioo mpaka apunguze feni, na ni sekunde ngapi macho yake hayako barabarani.

Wenu,
Dereva na msomaji wa siku nyingi