Barua ya wazi kwa vijana wa Mwanza wanaotaka kuuza mafunzo ya marubani wa kivita

Wanangu,

Nawasalimu nyote: mnaosomea urubani na ufundi wa ndege, mlio kwenye ugavi na sheria, na ninyi mliovua sare na sasa mnatafuta pa kuutumia ujuzi wenu.

Andiko lenu la mradi limenifikia, lile la kuanzisha kampuni hapa Mwanza itakayoyauzia majeshi ya ukanda huu mafunzo ya mapambano ya angani. Nililianza kwa furaha, maana vijana wa Kanda ya Ziwa wakiwaza jambo zito namna hii wanastahili kutiwa moyo. Lakini kurasa zote ni ndege, bei ya saa moja, idadi ya saa kwa mwaka na faida. Rubani anayefunzwa mmempa sentensi moja: "atapata uzoefu." Kisha katika mjadala uliofuata baadhi yenu wakasema jeshi liache kabisa kufundisha, linunue mafunzo kama linavyonunua mafuta. Hapo nimekasirika, na ndiyo sababu ya barua hii.

Biashara hiyo ipo kweli, na ina asili yake. Vita vya Vietnam viliwaonyesha Wamarekani kwamba rubani yuko hatarini zaidi katika safari zake kumi za mwanzo vitani. Akizivuka hizo, nafasi yake ya kurudi nyumbani inaongezeka sana. Jeshi la majini likafungua shule yake ya mapambano Miramar mwaka 1969, na jeshi la anga likaanzisha mazoezi ya Red Flag pale Nellis, Nevada, mwaka 1975, ili rubani azimalize safari hizo kumi mazoezini. Wakawa na vikosi vya adui wa mazoezi, marubani wao wenyewe wakiruka kwa mbinu za Kisovieti. Vita Baridi vilipokwisha vikosi hivyo vikapunguzwa, makampuni yakaingia: kampuni ya ATAC na ndege zake za Hunter na Kfir, baadaye Mirage F1; kampuni ya Draken na ndege za A-4 zilizotoka New Zealand; na Top Aces, iliyopokea F-16 kutoka Israel mwaka 2021. Oktoba 2019 jeshi la anga la Marekani liliyapa makampuni saba mikataba ambayo jumla yake haitazidi dola bilioni 6.4.

Sababu yao ni gharama. Saa moja ya F-35, ndege yao ya kivita ya kisasa, hula zaidi ya dola 30,000, na rubani wake akitumwa kuigiza adui anaimaliza saa hiyo bila kujifunza kazi yake mwenyewe. Ndege kuukuu ya mkandarasi inaifanya kazi hiyo kwa sehemu tu ya fedha hizo. Hesabu hiyo mmeielewa vizuri. Kilichowapita ni kwamba mwaka 2014 Nellis kilifungwa kikosi kimoja cha adui wa mazoezi, na mwaka 2022 kikafunguliwa upya, safari hii kikiwa na F-35. Adui wa kisasa haigiziki kwa ndege ya miaka ya 1970, hata iwe mikononi mwa rubani hodari namna gani.

Sasa tukae kwenye somo lenyewe, maana ndilo mliloliruka.

Chukueni pambano la ndege nne za jeshi dhidi ya nane za mkandarasi. Kabla ya kuruka, mkufunzi wa jeshi anaandika anachotaka kupima: tuseme, kama kiongozi wa kundi anagawa shabaha mapema au anasubiri mpaka wamechanganyika. Kutokana na hilo adui anapewa maagizo: waingie makundi mangapi, kimo gani, wageuke wakiwa umbali gani, nani apite chini ajifiche. Aliyetangazwa amepigwa anatoka pambanoni, anarudi nyuma ya mstari uliokubaliwa, kisha anaingia tena kama ndege mpya, hivyo nane wanaweza kufanya kazi ya kumi na sita. Kila ndege imebeba kifaa kinachorekodi mahali ilipo, kimo, mwendo na wakati wa kila mfyatuo. Yote hayo angani ni kama saa moja. Kikao cha tathmini kinachofuata huchukua saa mbili, tatu, au zaidi, na hapo ndipo rubani anapofunzwa.

Katika kikao hicho mkufunzi anairudisha rekodi mpaka pale kosa lilipoanzia, ambapo mara nyingi ni dakika kadhaa kabla ya ndege kupigwa. Kisha anauliza kwa mpangilio: hakuona? Aliona akaamua vibaya? Au aliamua vyema, mkono ukakosea? Asiyeona anarudishwa kwenye matumizi ya rada na mgawanyo wa macho. Aliyeamua vibaya anarudishwa kwenye mbinu. Aliyekosea mkono anaongezewa marudio. Mkiwapa wote watatu "saa zaidi" mmetumia fedha nyingi na wawili kati yao watarudia kosa lilelile, safari hii mbele ya adui mwenye makombora ya kweli. Andiko lenu halina chumba cha kikao hicho, halina fungu lake, wala halimlazimishi rubani wenu kukaa humo. Rubani wa mkandarasi anayelipwa kwa saa za injini tu atazima injini aende zake, na yeye ndiye anayejua kwa nini aligeuka kushoto sekunde ile.

Makosa mengine yanajificha zaidi. Adui akichelewa kukubali kwamba amepigwa, vijana wa jeshi wanajifunza kutoyaamini makombora yao. Akikubali upesi mno, wanajifunza kufyatua ovyo. Ndege ya mkandarasi isiyo na rada haimwashii mpinzani kipokezi chake cha onyo, kile kinachomwambia kwamba rada inammulika. Chumba cha rubani kinakaa kimya, naye anazoea ukimya ambao vitani hautakuwapo. Kwa hiyo wenye uzoefu huzigawa ndege hizi kwa madaraja: zenye rada na zisizo nayo, zinazovuruga rada na zisizoweza, zinazopita kasi ya sauti na zisizopita, kila daraja na bei yake. Ninyi mna bei moja.

Andikeni upya kifungu cha malipo. Safari ihesabike imefanikiwa pale ndege iliposhika nafasi yake angani kwa wakati, kifaa cha kurekodi kikifanya kazi, rada ikiwaka kama ilivyoagizwa, maagizo ya adui yakifuatwa, na rekodi pamoja na rubani vikifika kwenye kikao. Kikikosekana kimojawapo, malipo yapungue kwa kiwango kilichoandikwa tangu mwanzo. Muda wa kuwasha injini na kusubiri njiani usilipwe kama muda wa mafunzo.

Na kuna jambo ambalo mkandarasi hauzi hata mkimpa fedha zote: hukumu kwamba rubani huyu ameiva. Daraja la Kigongo–Busisi tulijengewa kwa mkataba, na mhandisi msimamizi aliweza kupima nguzo na kuivunja sampuli ya zege maabara. Ujuzi wa rubani unapimwa na mkufunzi mwingine tu, aliyepikwa katika mafunzo hayohayo. Jeshi likiwapoteza wakufunzi wake, litapokea kila ripoti ya mkandarasi bila kuwa na mtu wa kusema hapana. Uingereza iliingia mkataba wa miaka 25 mwaka 2008 na kampuni ya Ascent wa kuendesha mafunzo ya urubani wa kijeshi. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi ya taifa ilieleza jinsi wanafunzi walivyokuwa wakikaa muda mrefu wakisubiri nafasi kati ya hatua moja na nyingine, na vikosi vikipokea marubani wachache kuliko vilivyohitaji. Sehemu ya tatizo ilitokana na serikali yenyewe kubadili mahitaji yake njiani. Mkataba mrefu haukuwaponya na hilo.

Tugeukie ziwa, maana mmeandika kana kwamba Mwanza iko usawa wa bahari. Maji ya ziwa yako mita 1,134 juu ya bahari, karibu futi 3,720. Sakafu ya kawaida ya mapambano ya karibu ni futi 5,000 kutoka chini, basi hapa kipimo cha kimo kitasoma takriban 8,700 pale pambano linapotakiwa kukoma. Atakayeweka sakafu kwa mazoea ya pwani ataipita akidhani bado ana nafasi, na juu ya maji yaliyotulia, upeo ukiwa umefunikwa na ukungu, jicho halimwambii kitu. Siku ya nyuzi 30 uwanja wetu unaipa injini hewa nyepesi kama ya kimo cha futi 6,400. Ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kupaa na inabeba kidogo. Mtasema mtaruka alfajiri kwenye ubaridi. Ni sawa, ila mawingu ya ngurumo ya ziwani hukua usiku, na asubuhi mara nyingi bado yapo. Kuna pia ndege wakubwa, makongoti na mwewe, na injini moja haina mwenzake wa kuiokoa.

Uwanja wa akiba je? Bukoba njia yake ni fupi kwa ndege hizi. Entebbe ni kama kilomita 275, lakini ni nchi nyingine. Kilimanjaro ni kama kilomita 470. Mafuta ya kufika huko hutolewa kwanza kwenye hesabu, kinachobaki ndicho cha mazoezi. Machi 2012 Kfir ya mkandarasi ilianguka Fallon, Nevada, katika hali mbaya ya hewa, baada ya kukosa pa kutua na mafuta kupungua. Rubani alikufa. Mei mwaka huohuo Hunter ikaanguka karibu na Point Mugu, California, na Mei 2021 Mirage F1 karibu na Nellis. Nazo zilichukua marubani wao.

Ndege za zamani zinataka fundi mwenye cheti, hilo mmelisema. Hamkusema kwamba baruti za kiti cha kumrusha rubani zina tarehe ya mwisho wa matumizi, kwamba zikipita tarehe ndege hairuki, na kwamba kiwanda kilichozitengeneza kinaweza kuwa kimeshaacha. Mengine nayataja tu: bima ya walio chini, mafuta na uhifadhi wake, ukaguzi wa nyufa kwenye mbawa, usalama wa rekodi, lugha moja ya redio. Na msimamizi ni nani? TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, inasimamia ndege za kiraia. Ndege ya kampuni iliyo kwenye kazi ya kijeshi ikiachwa katikati, kila ofisi itadhani nyingine imeikagua.

Kuhusu uokoaji nasema kwa uchungu. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 walifariki, na waliowafikia wa kwanza ni wavuvi, mikono mitupu. Mwambao mzima ulilia, lakini ukiuliza leo boti ya uokoaji yenye wazamiaji iko umbali gani, watu wanatazamana. Mkataba wenu utaje boti, wafanyakazi wake, mahali inapokaa na dakika za kumfikia rubani aliyejirusha, na zoezi lifanywe na wavuvi wa Igombe wakiwemo. Boti isipokuwa majini, hakuna kuruka.

Taifa letu nalo lina ugonjwa wa kupenda chuma na kumsahau mtu. Machi 1979, katika Vita vya Kagera, Libya ilituma ndege ya Tu-22 kuipiga Mwanza, ndege ya kasi kupita sauti, na mabomu yakaukosa mji yakaua wanyama wa kisiwa cha Saanane. Katika vita hivyohivyo ndege zetu zilidunguliwa na askari wetu wenyewe upande wa Musoma. Hilo la pili linawahusu: mazoezi ya angani yasiyowashirikisha walinzi wa anga walio chini ni nusu ya mazoezi, na mkandarasi hatawaleta asipoagizwa.

Mwisho nasema na ninyi mliovua sare, kwa sababu nawapenda na nawahofia. Oktoba 2022 Uingereza ilitoa onyo kwamba hadi marubani wake 30 wa zamani walikuwa wameajiriwa kuwafundisha wanajeshi wa China. Juni 2023 Marekani ikaiwekea vizuizi vya biashara shule moja ya urubani ya Afrika Kusini kwa madai ya aina hiyo, na shule yenyewe ikasema haikuvunja sheria. Ofa huja kama kazi ya kawaida, mshahara mnono, mwajiri wa nchi ya tatu. Ikikufikia, uliza kwa maandishi mwanafunzi ni nani, anarukia jeshi gani, na nani analipa mwishoni. Peleka majibu hayo jeshini ulikotoka, usubiri kibali kilichosainiwa kabla hujapanda ndege ya kwenda kwenye usaili.

Mzee wenu,
Pasiansi, Mwanza