Malalamiko: niliomba mbio isiyo na milima, mkanipeleka Lanzarote

Kwa timu ya ushauri na watu wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kuhusu kifurushi cha triatloni ndefu (kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo siku moja) nilichonunua kwenu mwezi wa kumi mwaka jana, ile ya Lanzarote kule visiwa vya Canary, Hispania. Nimeshapiga simu mara tatu, nimetuma meseji WhatsApp, kila nikiuliza naambiwa "tumepokea, tutakurudia" na mpaka leo kimya, kwa hiyo sasa naweka yote kwenye maandishi ili asije mtu akasema hakuambiwa.

Kwanza niweke hili sawa. Silalamikii mashindano yenyewe wala waandaaji wake. Wale wanaandaa Ironman, ndiyo hiyo triatloni ndefu, pale tangu 1992 na hawajawahi kumficha mtu kwamba njia yao ya baiskeli ni ngumu, tena ndicho wanachojivunia. Ninaowalalamikia ni nyie mlioniuzia.

Fomu yenu niliijaza yote, sikuruka hata swali moja. Niliandika nina miaka 41, nimeshafanya triatloni ya nusu ya umbali huo mara mbili, hii ndefu ndo mara ya kwanza. Nikaandika naishi Dar, mazoezi ya baiskeli nafanya barabara ya Bagamoyo, kuogelea niko vizuri kwa sababu nimekulia Tanga na baharini nimeingia tangu mtoto, ila milima siiwezi kwa sababu huku sina pa kuizoea. Chini kabisa kwenye maoni nikaandika, na ninayo bado kwenye email: "Naomba mnichagulie mbio ambayo baiskeli yake haina milima mingi." Kaka mshauri wenu akanijibu siku ya pili tu: Lanzarote, kisiwa, bahari, jua, mazingira kama Zanzibar, njia tambarare, inamfaa sana mtu wa pwani anayeanza. Akaambatanisha na grafu ya mwinuko. Nikaiona imelala kama meza, nikafurahi, nikalipa siku hiyo hiyo.

Basi nikajiandaa kwa ajili ya tambarare. Wiki 28 nimefuata programu yenu, jumamosi naamka saa tisa usiku, saa kumi niko barabarani kabla malori na bodaboda hazijajaa, Tegeta hadi Bagamoyo na kurudi, na zile jumamosi ndefu nazunguka mara mbili mpaka kilomita 180 zinatimia. Nilifika mahali nazimaliza kwa masaa sita na dakika arobaini, nikawa na amani kabisa moyoni. Na kwa sababu mlisema tambarare nikachagua vifaa vya tambarare, giya ya nyuma kubwa yangu ina meno 25 (meno yakiwa mengi nyuma ndo mlima unakuwa mwepesi, 25 ni machache), na gurudumu la mbele nikanunua lile la rimu pana linalokata upepo, pesa nyingi tu, fundi akanifungia nikaona sasa niko tayari.

Kufika kule kilichonishtua kwanza ni maji. Mliandika "bahari ya joto, hakuna haja ya wetisuti", yaani lile vazi la mpira la kuzuia baridi majini. Atlantiki ya pale mwezi wa tano inacheza nyuzi 19 hadi 20, mtu aliyezoea bahari yetu akiingia hivi hivi anatetemeka kabla hajafika boya la kwanza. Kila mtu niliyemwona ufukweni anajaribu maji alikuwa na wetisuti. Nikanunua siku mbili kabla ya mbio, bei ya dukani palepale, nikaivaa siku ya mashindano bila kuizoea na ikanichuna shingo yote. Hata hivyo kuogelea nilimaliza vizuri, kilomita 3.8 pale Playa Grande kwa saa moja na dakika kumi na sita, nikatoka majini nina nguvu na nina furaha, na nayaandika haya mjue sikwenda kule nikiwa mzembe.

Halafu baiskeli. Ile njia inazunguka kisiwa chote na inapanda jumla ya karibu mita 2,500. Kwa asiyeelewa mita hizo ni nini, kutoka Mombo kupanda mpaka Lushoto ni kama mita 1,000, ile barabara ya kona kona ambayo basi lenyewe linakoroma. Sasa chukua Mombo hadi Lushoto mara mbili na nusu, ziweke ndani ya siku moja, kabla yake umeogelea na baada yake unadaiwa marathoni ya kilomita 42. Hicho ndicho kitu mlichokiita tambarare.

Na mita ni nusu ya habari tu, nusu nyingine ni upepo. Sisi wa pwani tunaijua kaskazi, tunajua inavuma miezi yake halafu inaondoka inaipisha kusi. Kule upepo wa kutoka kaskazini mashariki unavuma karibu mwaka mzima na hakuna cha kuuzuia, hakuna mnazi, hakuna mwembe, hakuna nyumba ya ghorofa. Unapita Timanfaya, ile hifadhi ya volkano, katikati ya mawe meusi yaliyotoka kwenye volkano ya mwaka 1730 hadi 1736, kushoto mawe kulia mawe, na barabara imenyooka inapanda huku upepo unakusukuma kifuani. Mtu yeyote aliyewahi kuiona hiyo sehemu, hata kwa picha tu, hawezi kuandika "kama Zanzibar". Nadhani aliyeandika aliona neno kisiwa na picha ya ufukwe, akaishia hapo.

Ukishapita kilomita mia moja ndo unakutana na mlima wa Haría, na hapa naomba mnisome taratibu. Barabara inapanda kwa kona, kona juu ya kona, niko kwenye giya yangu ya mwisho, ile ya meno 25, na pedali haishuki mpaka nisimame juu yake kwa uzito wangu wote. Goti la kulia likaanza kuuma kwa ndani. Pembeni yangu ananipita mzee, namkadiria kama miaka sitini na tano hivi, giya yake ya nyuma pana kama sahani, anazungusha miguu polepole wala hahemi sana, akaniangalia gurudumu la mbele, akaangalia giya yangu, akatikisa kichwa kwa huruma. Kona mbili mbele nikashuka. Nikasukuma baiskeli kwa mguu na vile viatu vya klipu vya kunasa kwenye pedali, vinavyoteleza kwenye lami, sijui ni mita mia ngapi, najua tu nilikuwa nahesabu hatua ili nisikae chini. Juu kule Mirador del Río ukigeuka kuanza kushuka, upepo unakuja wa ubavuni, na ile rimu pana niliyoinunua kwa ajili ya "tambarare" yenu ikawa kama tanga la ngalawa. Mara mbili ilinitupa mpaka katikati ya barabara. Nikashuka mlima mzima nimeshika breki, mikono imekufa ganzi, pale ambapo wenzangu walikuwa wanarudisha muda walioupoteza mimi nikazidi kupoteza.

Muda wa mwisho wa kurudisha baiskeli ulikuwa masaa kumi na nusu tangu uanze kuogelea. Mimi nilifika Puerto del Carmen, mji tulioanzia, kwa masaa kumi na dakika arobaini na moja. Dakika kumi na moja. Mama mmoja wa makamo wa pale kwenye mabadilishano, unapoacha baiskeli uanze kukimbia, akapiga magoti, akanifungua ile mikanda ya chipu ya kupima muda mguuni taratibu kama anamvua mtoto viatu, akanipa maji, akanishika bega akaongea Kihispania nisichokielewa. Nilikuwa na viatu vya kukimbilia ndani ya mfuko, soksi mpya, jeli nne za kuongeza nguvu nimezipanga. Sikukimbia hata hatua moja.

Sasa kilichonifanya niandike barua hii ni hiki hapa. Nimerudi Dar, jumapili moja nikaifungua tena ile grafu mliyonitumia, nikaikuza kwenye kompyuta. Mstari wa chini, ule wa kilomita, unaishia 42. Siyo 180. Mlinitumia grafu ya kukimbia! Kukimbia kule ni kando ya bahari, kweli hakuna mlima wa kutisha, na ndiyo maana ilikuwa imelala kama meza. Grafu ya baiskeli ipo, nimeitafuta nikaipata kwa dakika tano, imechongoka juu chini kama meno ya msumeno. Nilikaa nayo mezani muda mrefu sana jumapili ile. Msije mkaniambia ningeiona mwenyewe, mimi nimelipa ada ya ushauri ili mtu anayejua kuzisoma hizo grafu anisomee, na huyo mtu ama hakuisoma ama hakujua anasoma nini, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi.

Maana kuchagua hizi mbio ndefu ni kumwangalia mtu na ardhi aliyoizoea kwanza, halafu ndo unatafuta ardhi inayofanana nayo. Umbali ni ule ule kila mahali, kilomita 3.8 majini, 180 kwa baiskeli, 42.2 kwa miguu, kinachotofautisha siku nzuri na siku mbaya ni njia. Kuna Cervia kule Italia, pwani ya Adriatiki, baiskeli karibu yote tambarare, ukiacha mlima wa Bertinoro ambao mtu anaweza kuupangia kabisa. Kuna Roth kule Ujerumani, unaogelea kwenye mfereji maji yametulia, kilima chao maarufu cha Solarer Berg ni kifupi na watu wamejaa pande zote wanakushangilia. Halafu kuna zile za upande wa pili, Nice ya Ufaransa yenye milima nyuma ya mji, au Norseman ya Norway unaruka kutoka kwenye feri ndani ya maji ya baridi na unamalizia juu ya mlima wa Gaustatoppen, hizo kila mtu wa mchezo huu anajua si za kumpa mtu wa mara ya kwanza aliyezoea barabara ya Bagamoyo. Lanzarote iko kundi hilo la pili. Hili si la siri, muulizeni yeyote aliyekaa kwenye mchezo mwaka mmoja tu.

Na ipo Gqeberha, zamani Port Elizabeth, Afrika Kusini. Kiukweli nikiangalia ile fomu yangu naona hata hiyo ilistahili kufikiriwa. Wanaogelea baharini, na bahari ndo nyumbani kwangu. Upepo upo, ndiyo, tena wa kutosha, ila upepo wa bahari nimeuzoea. Na sisi Watanzania kwa safari fupi kule hatuhitaji hata viza, wakati Hispania nilihangaika wiki nzima na makaratasi ya viza ya Schengen. Sijui kwa nini haikutajwa hata mara moja.

Tena mngeniambia tu ukweli kwamba Lanzarote ni milima, huenda ningesema sawa nitaenda hivyo hivyo. Ningefunga giya ya meno 32, ningeacha ile rimu pana dukani, wikiendi ningepanda basi na baiskeli yangu mpaka Mombo nipande Lushoto mpaka miguu izoee. Wiki 28 zinatosha kabisa kwa hilo. Nimehesabu kwenye programu yenu, siku za mazoezi ya milima ni sifuri, yaani wiki 28 nzima hakuna hata moja, na mbio mliyonichagulia nyie wenyewe ina mita 2,500. Aliyeandika programu na aliyechagua mbio hawakuongea kabisa.

Ninachotaka. Nauli, hoteli na ada ya kujiandikisha sidai, nilisafiri, nililala, nilishiriki. Nadai ada ya ushauri na ya programu ya mazoezi, jumla shilingi 780,000, kwa sababu hivyo ndivyo vitu viwili mlivyoniuzia ambavyo sikuvipata. Pili muondoe yale maneno ya "tambarare" na "bahari ya joto" kwenye ukurasa wenu wa Lanzarote, jana usiku nimeangalia bado yapo, na muweke grafu ya baiskeli, ile yenyewe inayoishia 180. La tatu kwangu ni zito kuliko hata pesa: wapo wenzangu wawili tunaoogelea pamoja hapa Dar, wamelipia kwenu Lanzarote ya mwakani baada ya kusoma ukurasa ule ule. Nimeshawaambia mimi, ila mimi siyo ofisi. Wapigieni nyie, muwaeleze mita, upepo na giya, halafu waachwe waamue kubaki au kuhamia mbio nyingine bila kukatwa hata shilingi. Mmoja wao ni mama wa watoto wawili, anafanya mazoezi saa kumi alfajiri kabla hajawaandaa watoto kwenda shule. Sitaki naye akavuliwe chipu na mtu asiyemjua.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita bila jibu la maandishi nalipeleka Tume ya Ushindani pamoja na viambatanisho vyote. Nimeweka hapa chini fomu yangu, email ya mshauri, grafu aliyonitumia nikaizungushia duara nyekundu kwenye ile 42, programu ya wiki 28, na risiti. Simu yangu ni ile ile mliyonayo, napatikana kuanzia saa kumi na moja jioni nikitoka kazini.

Mteja wenu,
Dar es Salaam