Kubeba au kushika: barua kwa Rehema

Fort Worth, Texas
17 Oktoba 2024

Ndugu yangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, na kwa Mama Mkubwa huko Pangani mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku tu wazima. Najua barua yako ya Aprili imekaa kwangu miezi sita bila jibu, na nakuomba radhi bila kisingizio chochote. Nimefurahi mno kusikia habari za Kulthumu, na nitamwandikia peke yake. Leo nakuandikia kwa sababu nina shida ya neno moja, na katika watu wote ninaowafahamu ni wewe na marehemu Mwalimu Shaabani tu ambao mngekubali kwamba neno moja linaweza kumnyima mtu usingizi.

Wiki iliyopita niliitwa kuwa mkalimani katika shauri la amri ya ulinzi, ile amri ya mahakama inayomzuia mtu asimdhuru mwenzake. Kiapo changu kinanizuia kukutajia wahusika, nami sitawataja. Inatosha ujue kwamba ni mke na mume waliotoka mashariki ya Kongo, wenye Kiswahili kile cha Kivu ambacho sikio langu limekwisha kukizoea. Mke aliketi kushoto kwangu, amekumbatia bahasha ya plastiki yenye picha za majeraha yake, na kila jaji aliposema jambo, yeye hakumtazama jaji bali aliitazama midomo yangu. Jaji alipofika kwenye kifungu cha silaha alisoma polepole, kwamba kwa muda wa miaka miwili mume haruhusiwi kuwa na silaha ya moto wala risasi. Nikafasiri. Mume akauliza kama panga lake la kufyekea majani uani nalo ni silaha, na jaji akajibu kwamba kifungu hicho kinahusu bunduki na bastola. Kisha mke akaninong'oneza jambo ambalo ilinibidi nilitamke kwa sauti, maana mkalimani haruhusiwi kubaki na neno la mtu: "Na ile iliyo chini ya kiti cha gari, nani ataenda kuichukua?" Jaji alimpangia mume siku ya kuikabidhi, na shauri likaisha.

Tulipokuwa ukumbini nje, wakili mmoja aliniambia kwamba kifungu cha sheria ya taifa kinachofanana na hicho nilichokifasiri, mwaka jana tu kilikuwa kimetamkwa na mahakama ya rufani ya kanda yetu kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Rehema, nilirudi nyumbani nikiwa na maneno yale mdomoni kama mtu aliyeonja chakula asichokijua. Ndipo nikaelewa kwamba kazi iliyonikwamia mezani tangu Septemba na kazi ile ya mahakamani ni kitu kimoja.

Kazi ya mezani ni hii. Ninafasiri yale Marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyothibitishwa mwaka 1791, kwa ajili ya kijitabu cha darasa la jioni la watu wazima wanaojiandaa kuomba uraia. Rekebisho la kwanza lilinichukua siku mbili. La pili lina maneno 27 tu ya Kiingereza, nalo liko mezani kwa wiki ya nne sasa. Rasimu yangu inasema: "Kwa kuwa jeshi la mgambo lililopangwa vyema ni la lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu ya kuweka na kubeba silaha haitavunjwa." Ukiisoma haraka utaona imekaa sawa, na mimi pia niliona hivyo siku ya kwanza.

Sasa nitazamie hilo neno kubeba. Kwetu, vijana wakishika silaha, hakuna anayedhani kwamba wameokota bastola mezani. Tunaelewa kwamba wameingia vitani. Kubeba silaha ni kutembea nayo tu, uwe askari, uwe mwindaji, uwe mwenye duka anayerudi nyumbani usiku. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na msemo mmoja unaoweza kubeba maana zote mbili, na Kiswahili kinanilazimisha nichague. Niliposoma hukumu ya mwaka 2008 ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ile ya mji wa Washington dhidi ya Heller, niliona kwamba majaji tisa waligawanyika mahali pale pale kalamu yangu ilipokwama.

Dick Heller alikuwa mlinzi aliyeruhusiwa kubeba bastola kazini, katika jengo la serikali, lakini sheria ya mji ya mwaka 1976 ilimkataza kuiweka nyumbani kwake. Jaji Antonin Scalia, akiandika kwa niaba ya majaji watano, alisema kwamba msemo ule ni kubeba, na kwamba ungekuwa na maana ya kivita kama tu ungefuatwa na neno lenye maana ya "dhidi ya" na kutajwa kwa adui. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika kwa niaba ya wanne waliopinga, alisema kwamba msemo huo ukisimama peke yake, bila nyongeza, maana yake ni kutumika jeshini na kupigana. Yaani mmoja anasoma kubeba, mwingine anasoma kushika.

Scalia alikuwa na hoja ambayo wewe ungeipenda, hata kama usingekubaliana naye. Katiba inasema kuweka na kubeba silaha kwa mfululizo, na silaha hizo ni zile zile kwa vitenzi vyote viwili. Haiwezekani, alisema, ziwe vyuma kwa kitenzi cha kwanza na ziwe vita kwa kitenzi cha pili. Mfano wake wa Kiingereza haufasiriki, lakini wetu upo tayari. Ni kama kusema kwamba mzee alikata kuni na roho. Kila mtu atashtuka, kwa sababu kukata kuni ni kukata kweli, na kukata roho ni kufa. Nilikaa na mfano huo siku nzima, na jioni nikajikuta namjibu: je, kama waliotunga waliona kuweka na kushika kuwa jambo moja, la mgambo anayetunza bunduki yake nyumbani ili siku akiitwa aende nayo? Ukitaja mgambo, mtu wa Dar es Salaam humwona yule anayewakimbiza wamachinga, lakini wao walimwona mkulima ambaye sheria ilimtaka aje na bunduki yake mwenyewe.

Hapo ndipo linapoingia lile "kwa kuwa" nililoliweka mwanzoni. Kiingereza chao hakina kiunganishi hapo. Sehemu ya kwanza imening'inizwa tu mbele ya ya pili. Nikiandika "kwa kuwa", nimeifunga haki kwenye mgambo kama mbuzi kwenye kigingi, na huo ndio usomaji wa Stevens. Nikiifanya kuwa sentensi mbili zilizotenganishwa na nukta, nimemkabidhi Scalia ushindi, maana yeye alisema kwamba sehemu ya kwanza inatangaza kusudi tu wala haiipunguzi haki yenyewe. Kabla ya hapo, kwa karibu miaka 70, mahakama nyingi za chini zilifuata hukumu ya mwaka 1939 kuhusu bunduki iliyokatwa mtutu ukawa chini ya inchi 18, ambapo Mahakama ya Juu iliuliza kama silaha ya namna hiyo ina uhusiano wowote na kazi ya mgambo. Ni kura 5 kwa 4 zilizobadilisha hayo.

Nisimwonee Scalia. Aliandika wazi kwamba haki hii ina mipaka: hukumu yake haikugusa marufuku kwa waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa na kwa wagonjwa wa akili, wala marufuku ya silaha shuleni na katika majengo ya serikali. Mimi mwenyewe hupita kwenye mashine ya ukaguzi kila asubuhi ninayokwenda mahakamani.

Na kuna jambo lililonigusa sana, ambalo sikulitarajia. Mwaka 2010 Otis McDonald, mzee Mweusi wa Chicago aliyetaka bastola ya kujilinda katika mtaa wake, alishinda, na haki hii ikatamkwa kuwa inazifunga pia serikali za majimbo na miji. Katika hukumu hiyo mmetajwa sheria za Kusini za baada ya utumwa, kama ile ya Mississippi ya mwaka 1865, zilizowanyang'anya bunduki watu waliokuwa wametoka tu utumwani. Tena mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, Jaji Mkuu Taney alihesabu haki ya kutembea na silaha miongoni mwa mambo ambayo watu Weusi wangeyapata iwapo wangekubaliwa kuwa raia, naye akaitumia hesabu hiyo kuwa sababu ya kuwanyima uraia. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Tangu hapo siwezi tena kusema kwa wepesi kwamba haki hii ni ya watu wapenda bunduki tu.

Lakini narudi kwa yule mama na bahasha yake, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niandike. Mwaka 2022, katika shauri lililotokana na sheria ya New York ya kutembea na bastola, Jaji Clarence Thomas aliweka kipimo kipya: mtu akizuiwa kufanya jambo linaloguswa na maneno ya Rekebisho hili, ni juu ya serikali kuonyesha kwamba kizuizi hicho kinaafikiana na desturi ya nchi hii ya zamani ya kudhibiti silaha. Majaji wakageuka watafuta hati za kale. Kipimo hicho kiliangukia Arlington, mji ninaoupita kila nikienda Dallas. Desemba 2019, kijana aitwaye Zackey Rahimi aligombana na mama wa mtoto wake kwenye maegesho ya magari, akamburura, na alipoona kuna shahidi akafyatua risasi. Mahakama ikatoa amri ya ulinzi, naye akakutwa bado ana bunduki. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ya kanda yetu, iliyoko New Orleans, ikasema kwamba sheria ya taifa inayomkataza mtu aliye chini ya amri kama hiyo asiwe na silaha haina mfano wake katika historia, kwa hiyo haisimami.

Sheria hiyo ilisimama tena katika Mahakama ya Juu tarehe 21 Juni mwaka huu, kwa kura 8 kwa 1. Jaji Mkuu John Roberts alisema kwamba hakutakiwi pacha wa kihistoria bali kanuni inayofanana, na kwamba Katiba si sheria iliyoganda kama mdudu ndani ya kaharabu. Aliipata kanuni hiyo katika sheria mbili za kale: ile iliyomtaka mtu anayetiliwa shaka aweke dhamana kwamba hatafanya fujo, na ile iliyomwadhibu anayezunguka na silaha akiwatisha watu, ambaye silaha zake zingeweza kutaifishwa. Aliyepinga peke yake ni Thomas, mwenye kipimo. Nashukuru kwa matokeo hayo, nashukuru kwa moyo wote. Lakini naumia nikifikiri kwamba kuondolewa kwa kile kilichokuwa chini ya kiti cha gari kulitegemea kama kuna karatasi ya dhamana ya karne ya kumi na nane iliyohifadhiwa vizuri.

Kuhusu kijitabu, nimeelemea kuandika kubeba. Sikio langu linasikia kushika. Nimesoma pande zote mbili na moyo wangu uko kwa Stevens. Lakini kijitabu hakifasiri moyo wangu. Juzi mzee mmoja wa darasani alinivuta mkono mlangoni pa duka la vyakula, akanionyesha bango lenye herufi kubwa za Kiingereza na Kihispania, akauliza linasema nini. Nikamwambia linakataza kuingia umebeba bastola. Neno lilitoka lenyewe. Mzee huyo anaishi chini ya sheria inayosema kubeba, na nikimwandikia kushika nitakuwa nimemficha nchi aliyomo.

Sasa naomba unisaidie kwa haya, na usinionee haya kunikosoa. Je, tunaweza kupata neno moja la pwani lenye maana mbili kama la kwao, hata likiwa la kale, labda kutoka katika tenzi? Kuchukua silaha unalionaje? "Kuweka" inatosha, au niseme kumiliki, ingawa mtu anaweza kuweka asichokimiliki? Lile "kwa kuwa" nilibakize, au kuna namna ya kulining'iniza kama walivyolining'iniza wao, pengine kwa "ikiwa"? Na "watu" je? Mhariri wa kijitabu anataka "wananchi", lakini wanafunzi wangu bado si raia, na mahakama zenyewe za rufani hazijapatana: yetu ilisema mwaka 2011 kwamba aliyeko nchini bila kibali hamo katika "watu" hao, na ile ya Chicago ikasema mwaka 2015 kwamba yumo. Nitaandikaje "wananchi" mbele ya darasa lile? Na zaidi ya yote, wewe ungekuwa umeketi kati ya mke na mume wale, ungelitumia neno gani?

Kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa tarehe 15 Novemba. Hata ukinijibu kwa mistari miwili nitashukuru, na habari za nyumbani zinaweza kusubiri barua itakayofuata.

Ni mimi nduguyo,
Zainabu