Barua kwa Rehema: milango kabla ya lenta

Dar es Salaam

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote wazima, na watoto hawaachi kukuulizia. Picha za hosteli nimezitazama moja moja. Hongera sana shoga yangu, kuta zimefika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango, na mafundi wako wanapanga tofali vizuri. Sasa nakuomba kitu kimoja, na ndicho kilichonifanya niandike badala ya kukupigia: usikubali zege la lenta limwagwe kabla hujaamua kila mlango utafungwa na kitu gani.

Najua umesema mambo ya milango ya kufunguliwa kwa kadi ni ya baadaye, wanafunzi wakishajaa. Sawa, vifaa utanunua baadaye, lakini njia ya waya haisubiri. Bomba la plastiki la milimita 25 likipitishwa leo kwenye lenta, na waya wa kuvutia nyaya nyingine baadaye ukaachwa ndani yake, ni hela ndogo. Zege likishakauka fundi atatoboa akitafuta upenyo katikati ya nondo, na nondo hizo ndizo zinazobeba tofali zote zilizo juu ya mlango. Mimi nisingependa zikatwe.

Watu wengi hudhani mlango wa kadi una waya mmoja. Chukua ule mlango wako mkubwa wa mbele. Nje, upande wa kitasa, kuna kisoma kadi, kama mita 1.1 kutoka sakafuni. Ndani, juu kwenye fremu, kuna sumaku ya umeme inayoushika mlango usifunguke. Ukutani kuna kitufe cha kutokea, na karibu yake kile kiboksi cha dharura kinachokata umeme wa sumaku papo hapo. Kuna pia kihisi kidogo kinachojua mlango umefungwa au umeachwa wazi. Vyote hivyo vinarudi kwenye boksi moja lenye chanzo cha umeme na betri, na boksi hilo nalo linahitaji mahali pakavu penye kufuli. Mabomba yake yasichanganywe na yale ya waya za volti 230.

Muulize seremala leo hii kila mlango unafungukia wapi. Hapa mjini niliitwa kwenye jengo moja la ofisi ambako boksi za visoma kadi ziliachwa vizuri kabisa, kisha mwenye jengo akataka milango ifungukie upande mwingine. Seremala akahamisha bawaba, hakumwambia fundi umeme. Boksi zote zikabaki upande wa bawaba, na ukuta ulikuwa umeshapigwa marumaru. Walipobandua chache, dukani rangi ile ikawa imekwisha, ikabidi wabandue koridoni kote. Marumaru na ufundi wake vikawagharimu kuliko sumaku na kadi zote. Iliniuma, maana dakika tano za kuongea zingetosha.

Kuhusu waya wenyewe, usikubali fundi avute waya wa intaneti kupeleka umeme kwenye sumaku. Sumaku ya kawaida, ile inayoshika kwa nguvu ya kilo 280, hula karibu nusu ampea kwenye volti 12. Kwa umbali wa mita 30, waya ule mwembamba unapoteza karibu volti mbili na nusu njiani, na sumaku inashika kwa ulegevu. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba unapoteza kama nusu volti tu. Ndiyo maana nataka bomba la 25, lisibane.

Kama mlango wa mbele utakuwa wa kioo kile kigumu kilichochomwa kiwandani, matundu yote ya kitasa yatajwe wakati wa kuagiza. Kikishachomwa hakitobolewi tena, kinamwagika chini vipande vipande.

Na hili naomba ulishike kuliko yote, Rehema. Ni watoto wa watu watakaolala humo. Machi 2001 kule Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kwenye njia za kutokea tumia kufuli inayoachia umeme ukikatika, au kitasa ambacho aliye ndani anakifungua kwa mkono bila kadi wala ufunguo. King'ora cha moto kiwe na waya wake hadi kwenye boksi la milango, kikilia tu sumaku ziachie. Waya huo husahaulika sana kwa sababu fundi wa king'ora huja mwisho, wakati rangi imeshapakwa. Uwekee bomba sasa.

Wakalishe pamoja mwashi, seremala na fundi umeme, hapo hapo site, mpite mlango kwa mlango. Kila boksi lichorwe kwa chaki ukutani. Mabomba yakishawekwa, yapige picha huku futi ikionekana, kabla ya plasta, na picha hizo uzitunze pamoja na ramani. Milango ya vyumba vya juu iachiwe bomba pia, hata kama kwa sasa utaweka vitasa vya funguo.

Nitumie ramani ya chini na ya juu kwa WhatsApp nikuchoree njia zenyewe. Nikimaliza nitaongea na fundi wako mwenyewe, mpe namba yangu. Zege lisogezwe mbele siku chache, mwashi akinuna mwambie ni mimi niliyeomba.

Msalimie sana mama na shemeji.

Wako akupendaye,
Zuhura