Barua ya Kufunga Shule kwa Wazazi na Walezi

Ndugu wazazi na walezi,

Nianze na maonesho ya darasa la sita kuhusu historia ya mji wetu wa Kilosa, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona kazi ya watoto iliyonifurahisha kama ile. Walichora bonde la Mkondoa kwenye shuka hadi mto unapoingia Wami, wakaonesha reli ya Mjerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, pamoja na mashamba ya mkonge ya Kimamba yaliyowaleta huku babu zetu wengi. Bibi mmoja aliwakaribisha nyumbani kwake, akawaonesha alama ya tope iliyobaki ukutani tangu mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, reli iliposombwa na treni zikasimama. Mwanafunzi mmoja alisimama kando ya alama hiyo, ikamfika kifuani, na wenzake wote wakanyamaza.

Matokeo ya mitihani yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Shule itafunguliwa tarehe 13 Januari.

Mchango wa chakula tuliokubaliana kwenye mkutano, yaani debe moja la mahindi na kilo tano za maharage, haujaletwa na karibu nusu yenu, ingawa watoto wenu wamekula uji wa wenzao muhula mzima.

Lililoniuma zaidi ni hili. Wiki mbili baada ya maonesho, wavulana saba walitoroka vipindi vya asubuhi wakaenda kuchimba mchanga chini ya tuta la mto, tuta hilohilo linalotukinga, wakaujaza kwenye toroli na kumuuzia mtu mzima aliyewaona wamevaa sare na bado akawalipa. Niliita wazazi saba, wakaja wawili, na mmoja akaniambia kwamba mtoto amejitafutia hela ya daftari. Mzazi mwenzangu, daftari ningekupa mimi. Mashimo yale tumeyafukia na walimu kwa majembe ya shule, jua likiwa utosini, wala hakuna jirani aliyekuja kutushika mkono.

Wazazi watano ambao hawakufika nawataka ofisini, pamoja na watoto wao, kabla ya Ijumaa. Asiyefika, jina lake litapelekwa kwa mtendaji wa kata.

Mwalimu Mkuu