Barua ya wazi kwa vijana mnaotunga sheria dhidi ya siasa kali

Wanangu,

Salamu nyingi. Najua mna haraka. Mmewasikia watu wakipanda jukwaani na kutamka kwamba raia wenzao si binadamu kamili, umati ukashangilia, nanyi mkaona haya kuendelea kukaa kimya. Hasira hiyo siilaumu. Naomba tu msishike kalamu ya sheria kabla haijatulia.

Wengi wenu huanzia Ujerumani: laiti Hitler angezibwa mdomo mapema, dunia ingesalimika. Alizibwa, wanangu. Mwaka 1925 jimbo la Bavaria lilimkataza kuhutubia mikutano ya hadhara, na majimbo mengine, Prussia ikiwemo, yakafanya vivyo hivyo. Chama chake kikachapisha bango linalomwonyesha amefungwa mdomo, kikilalamika kwamba kati ya watu wote wa dunia ni yeye pekee asiyeruhusiwa kusema Ujerumani. Marufuku ikageuka tangazo. Bavaria iliiondoa mwaka 1927.

Ila tazameni kilichotangulia. Novemba 1923 mtu huyo huyo alijaribu kuipindua serikali kwa bunduki mjini Munich, na polisi wanne wakauawa. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 5. Mwaka 1924 haujaisha, alikuwa nje. Dola lilimwonea huruma alipobeba silaha, likamkazia alipobeba maneno. Hapa ndipo ninapotaka mkae kitako. Kama kwenu wapo wafuasi wa chama wanaopiga watu mchana kweupe na hakuna anayefikishwa mahakamani, tatizo si uhaba wa vifungu. Kupiga ni kosa tayari, kutishia kuua ni kosa, kufadhili genge ni kosa. Mkuu wa polisi anayemwogopa mwanasiasa mwenye genge hatapata ujasiri kwa kuongezewa ukurasa. Atakachopata ni njia rahisi ya kumkamata mwalimu aliyeandika maneno makali.

Mtaniambia: na Rwanda je? Swali hilo ni zito, sitalikwepa. Redio ya RTLM ya huko ilianza kutangaza mwaka 1993, na wakati wa mauaji ya kimbari ilisoma hewani majina ya watu na mahali pa kuwapata. Hakuna uhuru wa maoni unaofunika jambo hilo. Lakini msidhani kwamba hakuna aliyeona hatari mapema. Waziri wa habari, Faustin Rucogoza, aliwaita viongozi wa redio hiyo na kuwaonya Novemba 1993, akawaonya tena Februari 1994. Walimpuuza, maana nyuma yao walikuwapo wakubwa wenye nguvu kuliko waziri. Mauaji yalipoanza Aprili, naye aliuawa. Onyo lilikuwapo, kilichokosekana ni dola lililo tayari kuwagusa watu wake lenyewe.

Hata baadaye, kule Arusha, mahakama ya kimataifa ilipata taabu kuchora mstari. Hukumu ya kwanza katika kesi ya redio hiyo ilitoka mwaka 2003. Katika rufaa ya 2007 majaji waliona kwamba matangazo yaliyofuata Aprili 6, 1994 yalikuwa uchochezi wa wazi wa mauaji ya kimbari, lakini yale ya kabla ya hapo, pamoja na chuki yake yote, hayakuthibitishwa kufikia kiwango hicho. Wapo wanaoumizwa na uamuzi huo, na ninawaelewa. Mimi nauona kuwa sahihi kwa kosa zito kiasi hicho. Kwa matangazo ya awali palikuwa na hatua nyingine: leseni, amri ya kusahihisha, kesi ya kashfa, na zaidi ya yote viongozi kuyapinga hadharani. Jela si jibu pekee la serikali.

Sasa tuje kwenye kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno ya sheria, ambacho watunga sheria wengi hukiandika wakiwa wamechoka. Mwaka 1950 Afrika Kusini ilipitisha Sheria ya Kukandamiza Ukomunisti. Neno “ukomunisti” lilitanuliwa hadi likabeba fundisho lolote linalolenga kuleta mabadiliko ya kisiasa au ya kijamii kwa kuchochea vurugu, na waziri akapewa uwezo wa kumpiga mtu marufuku bila kesi. Mwaka 1952 Nelson Mandela na wenzake walitiwa hatiani kwa sheria hiyo kutokana na kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi. Jaji mwenyewe alikiri kwamba kosa lao halihusiani na ukomunisti kama watu wanavyoujua. Alikiri, kisha akawahukumu, kwa sababu kifungu kilimruhusu. Mwaka huo huo wa 1950 Australia nayo ilikipiga marufuku chama cha kikomunisti. Mahakama Kuu ikaifuta sheria hiyo 1951, serikali ikaitisha kura ya maoni, wananchi wakakataa.

Ujerumani ya baada ya vita ilichukua njia ambayo naipenda, ingawa ina kasoro zake. Chama chaweza kufutwa, lakini Mahakama ya Katiba peke yake ndiyo yenye uwezo huo, na imeutumia mara mbili tu: 1952 na 1956. Kesi dhidi ya NPD, chama cha mrengo mkali wa kulia, iliporomoka mwaka 2003 kwa sababu ndani ya uongozi wake walikuwamo watoa habari wa serikali. Ni vigumu kumshtaki mtu kwa maneno ambayo huenda yametungwa na mtu wako. Mwaka 2017 mahakama ilisema malengo ya chama hicho yanapingana na katiba, lakini hakina nguvu ya kuyatimiza, hivyo hakikufutwa. Mwaka 2024 kikakatiwa ruzuku ya serikali kwa miaka 6. Waacheni waseme, ila wasiseme kwa fedha za walipa kodi wanaowatukana.

Basi nikiletewa rasimu yenu, nitatafuta mambo machache. Maneno kama “kuvuruga umoja” na “kuleta dharau” yafutwe. Mwendesha mashtaka alazimike kuthibitisha nia ya msemaji, nguvu yake kwa wasikilizaji, na ukaribu wa madhara, kama unavyoelekeza Mpango wa Rabat wa 2012, mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu uchochezi wa chuki. Amri ya kufungia chama au gazeti itoke kwa jaji baada ya kusikiliza pande zote, si kwa saini ya waziri. Na sheria yote ife yenyewe baada ya miaka 5, anayeitaka tena aje bungeni kuitetea upya.

Mzee wenu