Barua kwa mwanangu: Sahani isiyorudi tupu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mkunazini, hapa Unguja. Sote hatujambo, isipokuwa bibi yako ambaye miguu inamsumbua kila mvua inaponyesha. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kwamba wenzako chuoni, na sasa hata wewe mwenyewe, mnaona kumwamini Kristo na kupokea msamaha bure ni jambo jepesi mno, na kwamba lazima kuwe na kitu kingine nyuma yake, ama elimu ya ndani zaidi, ama kazi kubwa zaidi ya kutenda. Nitakujibu ninavyoona mimi, nami nazungumza juu yetu sisi Wakristo tu. Imani ya majirani zetu wataieleza wao wenyewe.

Unakumbuka Ramadhani za utotoni mwako, jirani yetu alipokuwa akituletea futari, nasi tukikaa na sahani yake siku mbili tatu hadi tupate cha kuitilia, kwa kuwa sahani ya mtu hairudishwi tupu? Ni adabu nzuri, wala sitaki uiache. Lakini adabu hiyo imetufundisha pia kutokuwa na raha mbele ya kitu ambacho hatuwezi kukirudishia chochote. Mtu aliyepewa bila kulipa hujiona mdogo, na nadhani hapo ndipo ugumu wote ulipo: si kwamba akili inashindwa kuelewa, bali ni kwamba mkono hautaki kubaki mtupu.

Soma tena habari za Naamani katika Wafalme wa Pili, sura ya 5, maana sijui kisa kinacholieleza jambo hili vizuri zaidi. Jemadari yule wa Shamu alikwenda kutafuta tiba ya ukoma akiwa na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, yaani alikwenda tayari kulipa. Elisha hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara 7 katika Mto Yordani. Naamani akakasirika, akasema mito ya kwao Dameski ni bora kuliko maji yote ya Israeli. Ni watumishi wake waliomuuliza kama asingelitenda jambo kubwa iwapo nabii angemwagiza, na kwa nini basi lile dogo limshinde. (Mara nyingi watumishi ndio wanaoona, hilo nimelishuhudia katika nyumba nyingi.) Alipopona alirudi na zawadi, Elisha akazikataa. Gehazi, mtumishi wa nabii, ndiye aliyemfuata njiani kwa uongo, akajipatia talanta 2 na mavazi 2.

Mimi niliwahi kukutana na Gehazi. Mwaka ule ulipolazwa kwa homa, ukiwa darasa la pili, mhubiri mmoja mgeni alikuwa akiuza maji ya upako, nami nikatoa fedha ya ada yako yote kununua chupa moja. Sikulazimishwa. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri zaidi baada ya kulipa kuliko nilivyojisikia baada ya kusali, kana kwamba Mungu sasa alikuwa na deni kwangu. Baba yako hakusema neno, na ukimya ule niliusikia kwa muda mrefu. Wauzaji wa namna hiyo hawakuanza leo. Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alipotoa hoja zake mwaka 1517 alikuwa akigombana na biashara ya vyeti vya rehema, yaani vyeti vya kanisa vya kumpunguzia mtu adhabu ya dhambi.

Kila Jumapili naingia katika kanisa letu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lililokuwa mahali hapo lilipofungwa. Huwa nawafikiria waliosimamishwa pale wakatajiwa bei. Mtu aliyekwisha kupangiwa bei, nadhani, angelisikia neno “bure” kwa sikio tofauti na langu mimi niliyezoea kununua.

Hata hivyo, sitaki kukudhulumu. Pingamizi lako huenda si la Naamani. Kuna wanaoukataa wepesi huo kwa sababu wamewaona watu wakiutumia kama shuka la kujifunika: wanasamehewa Jumapili na Jumatatu wanamnyima kibarua ujira wake. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na utawala wa Hitler mwezi Aprili 1945, aliikemea neema ya bei rahisi, naye hakuwa mtu wa kukwepa gharama. Waraka wa Yakobo nao unasema imani isiyo na matendo imekufa. Lakini tazama mpangilio: Naamani hakuoga ili astahili kupona, na baada ya kupona ndipo alipoomba udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, aende nao kwao kumwabudu Bwana. Kazi ilikuja, ila ilikuja nyuma ya uponyaji.

Kwa hiyo kabla hujaniandikia tena, jichunguze kama kinachokukera ni wepesi wa imani yenyewe au ni sisi tunaoitangaza. Kama ni sisi, nitakusikiliza bila kujitetea, kwa kuwa mengi unayajua na chupa ile bado ipo juu ya kabati.

Mama yako akupendaye.